Soseji za kuku: Tusiishie kwenye muhuri wa halali

  

Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu huenda wakaliona dogo mno kuandikiwa tahariri katika ukurasa wa dini. Jambo lenyewe ni soseji za kuku, hizi ambazo zikitiwa ndani ya mkate mrefu huitwa hotidogi. Lau tungekuwa tumekaa ofisini tu, pengine nasi tusingeliona. Lakini tulikuwa Kasumulu, wilayani Kyela, na huko tuliulizwa swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo.

Kasumulu ni mpakani. Ukivuka daraja la mto Songwe umeshaingia Malawi. Upande wetu kuna pilikapilika za malori, wabadilisha fedha, mabasi na maduka yenye majokofu. Baada ya swala ya Ijumaa alitujia mama mmoja akiwa na mwanawe wa darasa la tatu. Alitueleza kuwa mtoto huyo amekataa katakata kula usipa, na kwamba tangu aonje soseji za kuku kwa jirani hataki kitoweo kingine. Basi yeye alikuwa ameuza matetea wawili hapo mpakani, akanunua pakiti za soseji ili mtoto apate kwenda shule akiwa ameshiba. Akatuuliza kama amefanya vyema.

Sisi, kwa mazoea yetu, tuliharakia kumuuliza kama pakiti ilikuwa na alama ya halali. Mama yule akatutazama kwa upole, akasema: "Muhuri nimeuona, ndugu zangu. Ninachouliza ni kama humo ndani mna chakula."

Tunakiri kuwa swali lile lilitushitua. Kwa miaka mingi sisi Waislamu tumefundishana kuuliza nani kachinja na kwa jina la nani, na hilo ni wajibu wetu, hatuna budi kuendelea nalo. Lakini Qur'an Tukufu, katika Suratul-Baqara aya ya 168, haikutuagiza halali peke yake. Imeambatanisha halali na sifa ya pili, kwamba chakula kiwe kizuri, chenye kufaa. Ile sifa ya kwanza tumeishika kwa mikono miwili, na hii ya pili tumeiachia wenye viwanda watuamulie.

Kwa hiyo tulimwomba mama atupe muda, tukarudi na kutafuta. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuwe waadilifu: soseji ya kuku ina lishe. Kwa mujibu wa majedwali ya lishe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo yanayotumiwa sana duniani kupima vyakula vya namna hii, gramu 100 za soseji ya kuku huwa na nguvu ya takriban kilokalori 220 hadi 260, protini gramu 13 hadi 15, na mafuta gramu 16 hadi 19. Soseji ya ng'ombe ya uzito huo huo huwa na mafuta yanayokaribia gramu 30 na protini pungufu ya hiyo ya kuku. Kwa hiyo anayesema kuwa soseji ya kuku ni nafuu kuliko ya ng'ombe hasemi uongo. Mafuta yake ni machache, na yale mafuta magumu yanayodhuru mishipa ya moyo ni machache zaidi.

Tatizo ni kwamba mama wa Kasumulu hakuwa akichagua baina ya soseji ya kuku na soseji ya ng'ombe. Alikuwa akichagua baina ya soseji ya kuku na kuku mwenyewe. Na hapo hesabu inageuka kabisa. Gramu 100 za nyama ya kuku iliyopikwa bila ngozi huwa na protini takriban gramu 27 hadi 29, mafuta takriban gramu 7, na sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu, isiyofika miligramu 100. Katika soseji, sodiamu hiyo hufika miligramu 1,000 na hata kupita. Yaani kwa uzito ule ule mlaji anapata nusu ya protini, mafuta zaidi ya maradufu, na chumvi mara kumi. Jina kwenye pakiti ni lile lile, kuku.

Inakuwaje kuku akabadilika kiasi hicho? Hapa yafaa tueleze kidogo namna soseji hizi zilivyozaliwa, kwani wengi wetu tunadhani kuwa mtu amechukua paja la kuku akalisaga.

Katika miaka ya 1950 na 1960, Profesa Robert Baker wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani alijishughulisha kutafuta njia mpya za kuuza kuku. Wafugaji wa huko walikuwa na kuku wa mayai waliozeeka, wenye nyama ngumu isiyopendwa, na walikuwa na migongo na shingo ambazo wanunuzi waliziacha. Miongoni mwa vitu alivyovibuni ni soseji zilizotengenezwa kwa nyama ya kuku badala ya ng'ombe au nguruwe. Hatumlaumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2006. Kutotupa riziki ni jambo jema, na hata bibi zetu hawakutupa shingo wala miguu ya kuku. Ila bibi zetu walipokupa shingo ulijua kuwa ni shingo.

Viwanda vya leo vina mashine ambazo hupokea mifupa ya kuku baada ya vidari na mapaja kuondolewa, zikaikandamiza kwa nguvu kwenye chujio. Masalia ya nyama, mafuta, ngozi na uboho hupenya na kutoka upande wa pili yakiwa kama uji mzito wa rangi ya waridi, na mifupa hubaki nyuma. Uji huo ndio msingi wa soseji nyingi za bei nafuu. Hutiwa maji au barafu, chumvi, wanga au unga wa soya ili ushikamane, fosfati ili maji yasitoke, viungo, sukari kidogo na dawa za kuhifadhi, kisha hujazwa kwenye ngozi nyembamba na kupikwa au kufukizwa moshi. Nchini Marekani sheria ya miaka ya 1990 iliwalazimu watengenezaji kuandika wazi kwenye lebo kuwa kuku huyo ametenganishwa na mifupa kwa mashine. Msomaji akikuta maneno ya namna hiyo kwenye pakiti, ajue ndiyo maana yake. Si najisi na si sumu, lakini si kidari.

Na hiyo rangi ya waridi je? Kuku akipikwa huwa mweupe, sote tunajua. Soseji yake hubaki ya waridi kwa sababu ya chumvi nyingine iitwayo naitraiti ya sodiamu, ambayo kwenye lebo mara nyingi huandikwa E250. Tena tuseme haki yake: naitraiti haikuwekwa kwa ajili ya urembo tu. Huzuia bakteria mmojawapo hatari sana anayeweza kuzalisha sumu ndani ya nyama iliyofungwa. Lakini naitraiti hiyo hiyo, inapokutana na nyama tumboni au kwenye moto mkali wa kikaango, huweza kuzaa kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani.

Mwezi Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama za kusindika katika kundi la vitu ambavyo ushahidi umetosha kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Lilisema kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja na kidogo. Hatupendi kutia watu hofu kupita kiasi, hivyo tuongeze mambo mawili. Asilimia hiyo ni nyongeza juu ya hatari ambayo kwa kawaida ni ndogo, wala haina maana kuwa watu 18 katika kila 100 watapata saratani. Kisha utafiti mwingi ulihusu nyama ya ng'ombe na nguruwe, ingawa shirika lenyewe lilieleza kuwa nyama za kusindika zinaweza kuwa na kuku pia. Anayekula soseji siku ya Idi asikose usingizi. Anayeifanya kuwa kitoweo cha mtoto kila asubuhi, huyo ndiye tunayezungumza naye.

Sisi tunavyoona, kwa familia zetu chumvi ni jambo la karibu zaidi kuliko hata hiyo saratani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo kwa kadiri ya umri wake. Soseji moja ya gramu 45 hubeba chumvi inayozidi gramu moja. Mtoto akila mbili asubuhi, ameshamaliza zaidi ya gramu mbili kabla hajagusa mboga ya mchana, na mara nyingi soseji hizo huliwa na chipsi zilizonyunyiziwa chumvi na sosi ya nyanya ambayo nayo ina chumvi. Pale stendi tulimwona kijana akizikaanga katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, wateja wamemzunguka, wengi wao wanafunzi. Mafuta hayo nayo huingia kwenye hesabu, japo hayakuandikwa kwenye pakiti yoyote. Maradhi ya presha, ambayo zamani tukiyaita ya wakubwa wa mjini, leo yapo vijijini mwetu, na ulimi unaozoeshwa chumvi ungali mdogo hauachi kwa urahisi ukikua.

Tukija kwenye yale ambayo soseji haina: haina makapimlo, wala vitamini C yake si ya kutegemea, na mtoto anayeshibishwa kwa soseji na mkate mweupe anakuwa ameshiba bila ya kupata yale ambayo mwili wake unayahitaji ili ukue. Hili si la mzaha katika nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. La kusikitisha zaidi ni kwamba mikoa ya Nyanda za Juu Kusini yenye sifa ya kulisha nchi, ikiwemo Iringa, Njombe na Rukwa, ndiyo iliyokuwa na viwango vikubwa kabisa. Shamba limejaa na mtoto amedumaa. Bila shaka sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba tunauza kilicho bora na kununua kilicho na jina.

Turudi sasa kwenye halali, maana hatukusema kuwa suala hilo limekwisha. Soseji ni chakula ambacho jicho haliwezi kukisomea asili. Kuku mzima unamwona, na shingo yake unaiona. Uji wa nyama hauna shingo. Ile ngozi inayofunika soseji yaweza kuwa imetengenezwa kwa nyuzi za mimea, au kwa kolajeni itokanayo na ngozi ya ng'ombe, au ya nguruwe, hata kama ndani ni kuku mtupu. Rangi iandikwayo E120 hutokana na wadudu. Kigandishi kiandikwacho E471 chaweza kuwa cha mimea au cha mnyama, na namba peke yake haikuambii.

Wala hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya kupima sampuli 139 za nyama ya kusaga, soseji na vyakula vya jamii hiyo kutoka madukani nchini mwao. Sampuli 95 zilikuwa na kitu ambacho lebo haikukitaja. Kwa upande wa wanyama, aliyeonekana mara nyingi zaidi mahali ambapo hakupaswa kuwapo alikuwa nguruwe, akifuatiwa na kuku. Afrika Kusini ina taasisi za Kiislamu zenye uzoefu mkubwa wa kutoa vyeti vya halali, na bidhaa za viwanda vyake huuzwa sehemu nyingi za kusini mwa Afrika. Funzo tulipatalo si kwamba kila cheti ni batili, la hasha. Ni kwamba muhuri una thamani pale tu unapojua nani kaugonga. Neno halali lililochapwa kwenye pakiti bila jina la taasisi iliyothibitisha ni tangazo la mfanyabiashara tu. Hapa kwetu BAKWATA hutoa vyeti vya halali, na mwenye shaka ana haki ya kumwomba muuzaji amtajie mtengenezaji na chombo kilichomthibitisha.

Wakati huo huo tusiwe watu wa wasiwasi. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) habari ya nyama iliyoletwa na watu walioingia Uislamu karibuni, ambao haikujulikana kama walitaja jina la Allah wakati wa kuchinja, na Mtume (S.A.W.) akawaelekeza waliouliza walitaje wao na wale. Na iko hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir inayotuelekeza kuyaepuka yenye kutatanisha yaliyo baina ya halali na haramu. Mafundisho haya mawili hayagongani. La kwanza linatukataza kumdhania vibaya Muislamu mwenzetu, na la pili linatukataza kuwa wazembe. Waislamu wa Kyela wanaishi vyema na majirani zao Wakristo, wanaalikana harusini na misibani. Kumuuliza jirani kwa adabu soseji hii imetoka wapi hakujawahi kuvunja ujirani.

Liko jambo jingine ambalo kwa watu wa mpakani ni zito, nalo ni baridi. Soseji ni chakula cha jokofu. Kyela ni bonde la joto kando ya ziwa, umeme hukatika kama unavyokatika kwingine, na soseji iliyoyeyuka mchana ikaganda tena usiku haitoi harufu ya kukuonya. Tarehe 4 Machi 2018 Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kuwa chanzo cha mlipuko mkubwa wa maradhi ya listeria kilikuwa nyama za kusindika zilizo tayari kuliwa, zile ziitwazo poloni, kutoka kiwanda kimoja cha mji wa Polokwane. Watu zaidi ya 1,000 walithibitishwa kuugua na zaidi ya 200 walifariki, na zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walikuwa vichanga walioambukizwa kupitia kwa mama zao. Msumbiji, Namibia na Zambia zilizuia bidhaa hizo zisiingie. Bakteria wa listeria wana tabia ya ajabu: huendelea kuzaana hata ndani ya jokofu. Kinachowaua ni moto. Kwa hiyo soseji isiliwe hivi hivi ilivyotoka kwenye pakiti, hata kama imeandikwa kuwa imekwisha kupikwa. Ichemshwe hadi itoe mvuke katikati, na mama mjamzito awe wa kwanza kulizingatia hili.

Na pakiti iliyovushwa Songwe kwa njia za panya, juu ya kichwa cha mtu, saa sita za mchana? Hiyo haina aliyeikagua. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na maofisa mpakani wapo. Mfanyabiashara Muislamu anayewakwepa ili apate faida ya haraka ajue kuwa anayauza matumbo ya watoto wa watu. Maneno haya ni makali lakini hatuyafuti.

Kwa wenye watoto wadogo, tahadhari fupi. Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilionya kuwa soseji za hotidogi ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa kuwapalia na kuwaziba pumzi watoto, kwa sababu umbo lake la mviringo hulingana na koo la mtoto. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe nzima wala vipande vya duara. Ipasuliwe kwa urefu, kisha ikatwe vipande vidogo.

Basi tuseme nini kuhusu wale matetea wawili?

Tulipomhoji zaidi mama yule, alitueleza kilichomfanya awauze. Hakuwa mjinga wala hakuwa na tamaa ya kuiga. Alisema aliogopa mdondo, kwani mwaka uliopita ulimaliza kuku wake wote kwa wiki moja, akaona ni afadhali awauze wakiwa hai. Kila aliyewahi kufuga kuku wa kienyeji anaijua hofu hiyo. Lakini tuhesabu pamoja. Tetea wa kienyeji hutaga mayai takriban 40 hadi 60 kwa mwaka. Wawili ni mayai 80 hadi 120. Yai moja lina protini gramu 5 hadi 6, na soseji moja ina gramu 6 hadi 7. Karibu ziko sawa. Hata nusu ya mayai akiwaachia matetea wayaatamie, iliyobaki ni arobaini au zaidi, bila chumvi ya kiwandani, bila naitraiti, pamoja na vitamini A ambayo mtoto anaihitaji kwa macho na kinga yake. Na mwisho wa mwaka kuku bado wapo, na vifaranga juu yake. Pakiti za soseji zilikwisha katika siku chache.

Dawa ya hofu yake ipo na ni nafuu. Chanjo ya mdondo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, imewafaa wafugaji wadogo sehemu nyingi za nchi hii. Shida yake ni kwamba kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na mwenye matetea wawili huona ni hasara kukinunua peke yake. Hapa ndipo msikiti unapoweza kuingia. Kina mama kumi wa jamaa moja wakichanga, wakamwita mtaalamu wa mifugo wa kata siku moja kila baada ya miezi mitatu, kila mmoja atalipa kidogo sana. Tumezoea kuchangishana kwa ajili ya mabati na mazulia, na ni kheri. Tuchangishane na kwa tone la chanjo.

Na usipa? Ziwa Nyasa limewapa watu wa Kyela kitoweo ambacho wenye miji mikubwa wanakinunua kwa mbali. Dagaa hawa wakikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi ya kujenga mifupa na meno. Mtoto akiwakataa kwa sababu ya vichwa na harufu, asilazimishwe kwa fimbo. Waoshwe mchanga, wakaangwe bila mafuta hadi wawe wakavu, watwangwe na kuchekechwa, kisha unga wake utiwe kijiko kimoja au viwili kwenye mchuzi wa nyanya na karanga, au kwenye maharage. Juu ya wali wa Kyela, hatagundua. Akiwa anapenda umbo la soseji, afanyiwe kababu: nyama ya kuku isiyo na mifupa itwangwe au isagwe, itiwe kitunguu saumu, tangawizi, yai, chenga za mkate na chumvi kidogo, ifinyangwe iwe mirefu na ichomwe. Watu wa pwani wamekuwa wakiila tangu hapo. Tone la mawese, ambayo Kyela hayakosi, litaipa rangi nzuri na vitamini A juu yake.

Hatukuharamisha soseji za kuku, wala hatuna mamlaka hayo. Zikiwa zimethibitishwa, zimehifadhiwa kwenye baridi na kuchemshwa vyema, familia inaweza kuzila mara moja moja, moja kwa mtoto na si nne, pamoja na mboga za majani na tunda. Anayenunua asome pakiti: kitu kilichotangulia katika orodha ya viambato ndicho kilicho kingi. Kama baada ya kuku yanafuata maji na wanga, ajue analipia maji na wanga. Atazame sodiamu kwa kila gramu 100, atazame tarehe, na abonyeze kuona kama pakiti ina barafu iliyoyeyuka na kuganda tena.

Mama wa Kasumulu tulimpelekea jibu hili kwa njia ya imamu wake. Tulimwambia kuwa humo ndani mna chakula, ila ni kidogo kuliko alichokitoa ili akipate. Tumeelezwa kuwa amekwisha kununua tetea mwingine, na kwamba mtoto anaendelea kukataa usipa mzima lakini mchuzi anaumaliza.